Sponji inayokunywa dizeli: je, aerojeli inaifaa gereji ya Nala?

Swali: Nina gereji ya malori na sehemu ya kuoshea magari huku Nala, Dodoma, barabara ya Singida. Juzi kijana mmoja alikuja na sponji nyeusi, nyepesi ajabu, anaiita aerojeli. Alimwaga dizeli kwenye beseni la maji, akaitumbukiza sponji, dizeli yote ikaisha, maji yakabaki. Anasema inanyonya mara mia ya uzito wake, unaikamua na kuitumia tena. Bei yake si ya kitoto. Mimi shida yangu ni dizeli na oili chafu inayomwagika chini na kuteremka korongoni mvua ikinyesha, na kule bondeni jirani ana kisima. Je, kitu hiki ni kweli au mazingaombwe? Nimesikia pia kwamba kinaweza kutengenezwa kwa mabua ya alizeti. Alizeti sisi tunayo.

Jibu: Dada yangu wa Nala, ulichokiona kwenye beseni ni kweli. Kijana hakukudanganya, alichofanya ni kuchagua beseni. Maji safi, dizeli mpya, hakuna sabuni, hakuna vumbi, hakuna upepo, na sponji ambayo haijawahi kutumika. Uani kwako hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo nitalitoa swali lako kwenye beseni na kulileta gereji, na njiani nitakuomba uisahau kabisa ile "mara mia", maana imewapoteza wengi, wakiwemo wenzangu wenye shahada.

Kwanza kitu chenyewe. Ukiupika mlenda, sufuria nzima ni karibu maji matupu. Kinachoufanya uvutike ni nyuzi chache mno, ndefu na nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, zilizotanda humo ndani na kuyakamata maji. (Mwanakemia mwenzangu atanikosoa kwamba mlenda ni mzito tu, haujaganda, kwa hiyo si jeli kamili. Ana haki yake.) Sasa fikiria umeyaondoa maji yote lakini ule wavu wa nyuzi ukabaki umesimama palepale, hewa ikachukua nafasi ya maji. Hiyo ndiyo aerojeli: wavu uliosimama, ndani yake hewa. Zipo za silika, yaani madini yaleyale ya mchanga, ambazo zaidi ya asilimia 99 ya ujazo wake ni hewa.

Kuyatoa maji bila wavu kuanguka ndiko kulikowashinda watu hadi mwaka 1931, Mmarekani Samuel Kistler alipotangaza kwamba ameweza. Ugumu wake unaujua bila kufundishwa. Pita Bahi mwezi wa kumi utazame tope la mbuga linavyokauka: linasinyaa, linapasuka vipande vipande. Maji yanapotoka katikati ya chembe za udongo huzivuta zikaribiane. Kadiri nafasi zilivyo ndogo, mvuto unakuwa mkali zaidi. Ndani ya jeli vitundu ni vidogo kupita kiasi. Katika kitundu chenye upana wa nanomita 20 (nanomita milioni moja ni milimita moja), maji yanayokauka huzivuta kuta zake kwa shinikizo la angahewa 140 hivi. Tairi la lori unalijaza 120 kwenye geji ya upepo, ambazo ni angahewa 8 tu. Wavu wa nyuzi hauna namna ya kuhimili hilo. Ndiyo maana jeli ikianikwa juani unapata kigaga, hupati aerojeli.

Kistler alikwepa mtego huo kwa kukipasha kimiminika joto ndani ya chombo kilichofungwa, chini ya shinikizo kubwa, mpaka kikavuka mpaka ambao baada yake hakuna tena tofauti kati ya kimiminika na gesi. Pasipo na uso wa maji hakuna wa kuvuta, gesi inaachiwa taratibu na wavu unabaki. Viwandani siku hizi hutumia hewa ya ukaa, ileile ya kwenye soda, kwa sababu mpaka wake hauko mbali: nyuzi 31 za Selsiasi na angahewa kama 73. Njia ya pili, inayotumika zaidi kwa sponji za mafuta, ni kuigandisha jeli iwe barafu kisha kuiweka kwenye ombwe, yaani chombo kilichofyonzwa hewa, barafu igeuke mvuke moja kwa moja bila kupitia kwenye maji. Nitairudia njia hii tukifika kwenye alizeti, kwa sababu iliwahi kuniumiza.

Sasa ile mara mia.

Chukua kipande cha aerojeli chenye uzito wa gramu 1. Kama kila sentimita ya ujazo ina miligramu 10, kipande hicho kitachukua nafasi ya sentimita za ujazo 100, sawa na kikombe kidogo cha kahawa. Zaidi ya asilimia 99 ya nafasi hiyo ni tupu. Ijaze dizeli, ambayo lita yake moja ina gramu 840 hivi, utapata gramu 83. Muuzaji atakwambia: inanyonya mara 83 ya uzito wake! Na hasemi uongo. Lakini kilichotokea ni kwamba kikombe cha kahawa kimebeba kikombe cha kahawa.

Namba ile inapanda sponji inapokuwa nyepesi zaidi, hata kama haijabeba tone moja la ziada. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, walitangaza aerojeli ya kaboni yenye miligramu 0.16 kwa sentimita ya ujazo, nyepesi kuliko hewa yenyewe ukiacha hewa iliyomo ndani yake. Walisema inaweza kunyonya mafuta hadi mara 900 ya uzito wake. Ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini gramu moja ya kitu hicho inachukua nafasi ya zaidi ya lita 6, na wewe hununui gramu. Pipa la lita 200 likipinduka uani kwako utahitaji karibu lita 200 za sponji, iwe imetoka Zhejiang au imekatwa kwenye godoro. Lita ni lita. Kwa hiyo akija tena, usimwulize inanyonya mara ngapi. Mwulize lita moja ya sponji ni shilingi ngapi, na inakamuliwa mara ngapi kabla ya kufa.

Na huenda ile aliyokuonyesha si aerojeli. Sponji nyingi nyeusi zinazouzwa kwa jina hilo ni povu la kawaida, la melamini au la poliurethani kama la godoro, lililochovywa kwenye kaboni na kupakwa dawa ya kukataa maji. Sisemi hivyo kuzidharau. Maabara ya Taifa ya Argonne kule Marekani ilitangaza mwaka 2017 sponji yake ya mafuta, na malighafi yao ya kuanzia ilikuwa hilohilo povu la poliurethani. Walisema inabeba hadi mara 90 ya uzito wake na kukamuliwa tena na tena. Kwa kazi ya gereji, povu linalovumilia kukamuliwa linaweza kuishinda aerojeli halisi ya silika, ambayo ukiibana inavunjika kama kaukau.

Sponji inajuaje kuchagua dizeli na kuacha maji? Dondoshea maji kwenye jani la magimbi: tone linajikunja kuwa gololi na kubingirika. Molekuli za maji zinavutana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu kuliko zinavyovutwa na nta ya jani. Dizeli haina mvutano mkubwa namna hiyo. Mvutano wa uso wake hauifikii hata nusu ya ule wa maji, kwa hiyo inatandaa juu ya nta na kuingia kwenye kila kitundu. Aerojeli ya mafuta ni jani la magimbi lililogeuzwa kuwa sponji: kuta zake zote zimepakwa kitu cha jamii ya nta, mara nyingi dawa za silani. Mafuta yanavutwa ndani, maji yanasukumwa nje.

Hapo ndipo tunapofika uani kwako, na ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi. Unaosha malori. Sabuni kazi yake ni kuuvunja mvutano wa maji. Maji yenye sabuni ya kutosha yanakuwa na mvutano unaokaribia ule wa dizeli, na sponji haiwezi tena kuwatofautisha. Inalowa. Mbaya zaidi, sabuni inayakatakata mafuta kuwa vitone vidogo mno vinavyoelea katikati ya maji, yale maji meupe kama chai ya maziwa unayoyaona yakitiririka kwenye mfereji wako. Vitone hivyo havigusani na sponji. Vinapita pembeni yake na kwenda zao korongoni. Usiitumbukize sponji ya bei mbaya kwenye maji ya kuoshea magari. Kama kuna jambo moja tu utakaloshika katika jibu hili, liwe hilo.

Kuna na kinyume chake, yaani vitu vinavyoyeyuka kwenye maji. Mafundi rangi wako wanatumia tina, na kwenye tina huwa mna mchanganyiko: toluini haipendi maji, sponji inaikamata vizuri, asetoni na spiriti vinajichanganya na maji moja kwa moja kama sukari, na ukishavimwaga kwenye maji hakuna sponji ya kuvichagua. Hata petroli ina sehemu yake inayoyeyuka. Benzeni, ambayo inasababisha saratani, inayeyuka kiasi cha kutosha kuleta madhara. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kama petroli ina benzeni asilimia 1 kwa ujazo, lita moja ya petroli ina benzeni ya kuyatia doa maji zaidi ya lita laki 8 hadi kikomo hicho. Ukiinyonya petroli yote inayoonekana juu, maji ya chini yanaweza kuwa tayari yana sehemu yake. Hiyo inahitaji mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa mahsusi kunasa vitu vilivyoyeyuka, ambao ni kifaa kingine kabisa.

Halafu unene. Oili ya giaboksi inaweza kuwa na mnato mara 50 au zaidi ya ule wa dizeli, na muda wa kupenya ndani ya vitundu unakwenda sambamba na mnato. Kile ambacho dizeli inakifanya kwa sekunde 10, oili nzito mara 50 itakifanya kwa dakika 8, na asubuhi ya mwezi wa saba hapa Dodoma, wakati oili inatoka kwenye dumu kama asali, itachukua muda zaidi. Nalisema hili pia kwa sababu watu wananiuliza kuhusu bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda kwenda Tanga, ambalo linakatiza kaskazini mwa mkoa wetu. Mafuta yale yana nta nyingi, ndiyo maana bomba linapashwa joto yasishuke chini ya nyuzi 50. Yakimwagika yanapoa na kuganda kama mafuta ya ng'ombe. Kwa hayo huhitaji sponji bali koleo, au sponji ya aina nyingine: mwaka 2017 watafiti wa China walionyesha sponji iliyofunikwa grafini, aina ya kaboni nyembamba mno, inayopitishiwa umeme ikapata joto, mafuta mazito yakalegea na kuingia. Inapendeza kuitazama. Sidhani kama nitaiona Kondoa mimi nikiwa hai, ingawa nimewahi kukosea katika utabiri wa namna hii.

Kuhusu petroli nisikufiche. Dizeli ya kawaida haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sponji iliyojaa petroli ni petroli iliyotandazwa juu ya eneo kubwa sana, na kuikamua kwa mikono ni kuutoa mvuke huo usoni pako. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda na madumu kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Petroli ikimwagika, vijana wako wazime injini, wazime simu, waondoe watu, waite Zimamoto. Wasiguse sponji, wasiguse chochote.

Tuje kwenye alizeti, maana hapo najua ndipo moyo wako ulipo, na wangu pia.

Vunja bua la alizeti lililokauka utaona moyo wake: mweupe, laini, mwepesi kama povu. Huo tayari ni sponji ya selulosi (dutu inayojenga kuta za mimea) iliyotengenezwa na mmea, bila ombwe wala mtambo. Hata bua la mahindi linao. Nyuzi za selulosi za mabua, za mkonge au za karatasi chakavu zinaweza kusagwa hadi ziwe nyembamba mno, zikachanganywa na maji kwa kiasi cha asilimia 1 au pungufu, zikagandishwa, zikakaushwa kwenye ombwe, kisha zikafukizwa kwa silani ili zikatae maji. Kwa hiyo aliyekwambia hakukosea. Kemia yake si ngumu. Ugumu uko kwenye LUKU, yaani kwenye umeme.

Kuigeuza kilo moja ya barafu kuwa mvuke kunahitaji nishati ya uniti 0.8 ya umeme, hata kama mtambo haupotezi chochote, na hakuna mtambo usiopoteza. Lita moja ya aerojeli ilikuwa karibu kilo moja ya barafu. Lita 200 za kumeza lile pipa lako zitakula uniti 155 kwa uchache, na kwa mitambo halisi mara kadhaa ya hapo, kabla hujanunua silani wala hujamlipa mtu. Mimi niliwahi kujaribu na nyuzi za mkonge, kwenye chuo nilichokuwa nikifundisha. Nilikuwa nimebakiza usiku mmoja. Umeme ukakatika saa nane, jenereta haikuwaka kwa sababu ambayo hadi leo kila mtu anamtupia mwenzake, barafu ikayeyuka, na asubuhi nikakuta kwenye trei vipande sita vya kitu kinachofanana kabisa na karatasi. Siku mbili za mtambo na wiki tatu za kusaga, nikapata karatasi. Niliandikia maelezo yangu juu yake.

Kwa hiyo kama ungeniuliza cha kununua na fedha zako, ningekwambia uanze na sufi. Ndiyo, sufi ya mito na magodoro. Kila unyuzi wake ni mrija mtupu uliopakwa nta na mti wenyewe. Umbo lake ndilo tunalolihangaikia maabara. Ukiipakia kwa ulegevu, kilo moja ikichukua nafasi ya lita 50 hivi, inabeba dizeli kilo 30 na kitu. Inaelea, na kwenye maji yasiyo na sabuni inayakataa maji kama ile ya kijana. Ishonee kwenye wavu, kama soseji ndefu, uiweke mahali maji yanapotulia. Udhaifu wake ni kwamba ukiikamua inashikana na kuwa bonge, mara ya pili haibebi kama ya kwanza. Na inawaka haraka, kwa hiyo isikae karibu na fundi wa kuchomelea. Moyo wa bua la alizeti unaweza kuujaribu vilevile, ila wenyewe unapenda maji kama unavyopenda mafuta. Utumie kwenye sakafu kavu tu, uusage uwe vipande.

Maana shida yako kubwa haiko majini, iko chini. Sponji za mafuta za namna hii zinafikiriwa zaidi kwa bahari, kwa ajali kama ile ya Deepwater Horizon ya mwaka 2010 katika Ghuba ya Mexico, mahali mafuta yanapoelea na kukungoja uyafuate. Uani kwako dizeli inaingia kwenye mchanga mwekundu kabla hujageuka kutafuta sponji. Mchanga nao ni sponji, tena bora kuliko yako kwa sababu uko tayari pale. Hakuna kitu cha kukirudisha nyuma kilichokwishazama.

Ningekushauri fedha za sponji uzitumie kwenye zege na paa. Mahali unapomwaga oili na kufungua matangi ya dizeli pawe na sakafu ya zege yenye ukingo kuzunguka, na juu pawe na bati. Paa linaonekana kama anasa mpaka upige hesabu: uwanja wa mita za mraba 500 ukinyeshewa milimita 20, ambayo ni mvua ya alasiri moja tu ya mwezi wa kwanza, unateremsha lita 10,000 za maji. Hakuna sponji ya kuchuja mafuriko hayo mfereji ukijaa. Maji yasiyogusa oili hayahitaji kuchujwa. Kwenye zege kavu, maranda au unga wa mbao unafanya kazi vizuri kwa bei ya bure: tandaza, acha, fagia. Unakula nafasi na uzito, kilo yake moja inabeba kilo chache tu, lakini fundi seremala anakupa akikushukuru.

Kwa maji ya kuoshea, jenga chemba (hii ya majitaka, siyo wilaya) yenye vyumba vitatu vilivyounganishwa kwa bomba la kona linalochota maji kutoka chini, mafuta yabaki juu. Hapa maumbile yanafanya kazi bila malipo. Kitone cha mafuta chenye upana wa maikromita 150 (maikromita elfu moja ni milimita moja) kinapanda mita moja ndani ya maji kwa dakika 9 hivi. Lakini kitone cha maikromita 15, kama vile sabuni inavyovikata, kinahitaji saa 15 kwa mita hiyohiyo, kwa sababu ukipunguza upana mara kumi, mwendo unapungua mara mia. Ndiyo maana nasema: futa oili kwa matambara na maranda kwanza, ndipo umwage sabuni. Na sehemu ya kufungulia injini isishirikiane mfereji na sehemu ya kuoshea.

Baada ya hayo, kama bado unaitaka sponji ya kijana, nafasi yake ipo. Ni chumba cha tatu cha chemba, ambako maji yametulia na kilichobaki juu ni utando mwembamba unaong'aa rangi za upinde wa mvua. Utando huo huwezi kuuchota kwa kopo na sufi inaunyonya polepole. Sponji nzuri inausafisha kwa dakika chache. Kipande cha ukubwa wa tofali kinakutosha miezi. Hapo ndipo bei yake inaanza kuwa na maana.

Ila ipime kabla ya kulipa. Mwambie akuachie kipande kimoja. Kipime kwa rula upate ujazo wake, kipime kwa mizani ya sonara. Kitumbukize kwenye ndoo ya maji ya mfereji wako mwenyewe, yenye vumbi na sabuni yake, kwa saa nzima. Kikizama au kikiwa kizito, mazungumzo yameisha. Kisipozama, kitie kwenye oili chafu, siyo dizeli mpya, asubuhi kabla jua halijapanda. Kikamue mara kumi, kila mara ukipima kilichotoka. Ya kumi ikitoa nusu ya ya kwanza, bei halisi ya lita yake ni kubwa kuliko unayotajiwa, na una hoja ya kumshushia.

Chochote kilicholowa, iwe sponji, sufi, maranda au mchanga uliochimba, ni taka hatarishi kwa mujibu wa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na wenye vibali vya kuzibeba utawapata kwa kuuliza NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Weka pipa lenye mfuniko. Usichome nyuma ya gereji. Na oili uliyoikamua usimpe mtu akapake nguzo za zizi kuzuia mchwa, najua ndivyo wengi tunavyofanya. Mvua inaiosha na kuirudisha palepale ulipoitoa.

Kisima cha jirani kisisubiri lolote kati ya hayo. Usisubiri maji yanuke. Nenda naye mkachukue sampuli kwenye chupa safi ya kioo, mkiijaza hadi mdomoni isibaki hewa hata kidogo, maana benzeni inatorokea kwenye hewa hiyo na maabara itakwambia maji ni salama. Ifungeni, iwekeni kwenye kiboksi chenye barafu, siku hiyohiyo mwipeleke ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali na kuomba wapime mabaki ya mafuta ya petroli na benzeni, siyo chumvi na vijidudu peke yake. Mpaka majibu yatoke, maji ya kunywa wachote kwingine.